Damu Yako, Jibu la Nani?

Ukitaka kujua Dar es Salaam inavyozungumza kuhusu damu, simama nusu saa nje ya maabara yoyote ndogo ya Kariakoo. Mtu anatoka na karatasi mkononi, anapiga simu nyumbani: "Nimeshapima. Nina malaria mbili na taifodi kidogo." Upande wa pili wanamwelewa, wanampa pole, wanamwambia apitie duka la dawa kabla hajapanda gari. Anayefuata ana malaria tatu, huyo pole yake ni ndefu zaidi. Lugha hii tumeizoea mpaka hatuulizi tena. Malaria mbili ni mbili za nini?

Jibu lipo, na wala si siri. Mpimaji akitazama tone nene la damu lililopakwa kwenye kioo, anahesabu vimelea katika kila eneo analoliona ndani ya hadubini. Akikuta vimelea 1 hadi 10 katika maeneo 100, anaandika alama moja ya kujumlisha. Akikuta 11 hadi 100 katika maeneo hayo 100, anaandika mbili. Vikiwa 1 hadi 10 katika kila eneo, tatu. Vikizidi 10 katika kila eneo, nne. Hizo alama ndizo "mbili" na "tatu" zetu. Maana yake ni kwamba kutoka mbili kwenda tatu si kuongeza moja, ni kuzidisha mara kumi hivi. Mpimaji anajua. Daktari anajua. Mwenye damu anapewa namba tupu aende nayo nyumbani.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu jambo hilohilo nimelikuta kila nilipochimba historia ya upimaji wa damu mjini hapa. Damu ya watu wa Dar es Salaam imekuwa ikitazamwa kwenye vioo kwa zaidi ya miaka 120. Mara nyingi ilitoa jibu. Kinachobadilika kutoka zama moja hadi nyingine ni nani aliyeuliza swali, na jibu lilipopatikana alipewa nani.

Tuanzie mwaka 1897. Mwaka huo Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa na sifa duniani kote kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifika Dar es Salaam akitokea India alikokuwa akichunguza tauni. Mji ulikuwa makao makuu ya koloni la Kijerumani, na homa ilikuwa ikiwaangusha maofisa mmoja baada ya mwingine. Miaka 17 kabla ya hapo, Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alikuwa ameona vimelea vya malaria ndani ya damu ya askari huko Algeria. Kwa hiyo Koch alijua anachokitafuta. Alichukua damu za wenye homa, akaketi na hadubini yake.

Miaka hiyohiyo alikuwepo katika koloni hili mfamasia kijana aitwaye Gustav Giemsa. Alifanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1895 hadi 1898, kisha akarudi kwao. Mwaka 1904, akiwa Hamburg, alitoa maelezo ya rangi ya kupaka kwenye damu ili vimelea vionekane vizuri, kiini kikiwa chekundu na mwili wake wa buluu. Rangi hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Ukiingia maabara ya Kariakoo ukaona chupa ya kimiminika cha zambarau iliyoandikwa Giemsa, jua kwamba mwenye jina hilo aliwahi kuuza dawa kwenye nchi hii hii.

Koch aliondoka na wazo. Aliamini kwamba malaria inaweza kumalizwa kwa kuua vimelea ndani ya watu, bila kuhangaika sana na mbu. Kuanzia 1901 daktari wa Kijerumani aitwaye Ollwig alilijaribu wazo hilo Dar es Salaam. Watu walipimwa damu nyumba kwa nyumba, na aliyekutwa na vimelea alipewa kwinini, hata kama alikuwa mzima anayekwenda kazini kwake. Hilo ndilo lilikuwa jambo jipya. Mpaka hapo mtu alikwenda kwa mganga au kwa daktari kwa sababu anaumwa. Sasa daktari alikuja mlangoni kwa mtu ambaye hajisikii chochote, akachukua tone, akamwambia wewe ni mgonjwa.

Kitaalamu daktari hakukosea. Mtu aliyekulia kwenye malaria anaweza kuwa na vimelea bila homa, maana mwili umezoea kupambana navyo. Lakini tuangalie swali lenyewe. Ollwig hakuwa akimwuliza mtu "unaumwa nini?" Alikuwa akiuliza "vimelea vya mji huu vimejificha wapi?" Jibu lilikuwa la serikali. Mwenye damu alibakiwa na kidonge kichungu. Na malaria haikuisha, kwa sababu watu ni wengi, wanahama, wanarudi, na mbu hawakuguswa vya kutosha.

Jibu la namna hiyo lilikuja kuacha alama hata kwenye ramani ya mji. Mwanzoni mwa karne ya 20, watafiti wa Kiingereza waliopima damu za watoto Afrika Magharibi walikuta wengi wao wana vimelea. Badala ya kusema watoto hawa watibiwe, ushauri uliosikika zaidi ulikuwa Wazungu wajenge mbali nao. Mwafrika akawa ghala la ugonjwa. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916, na baada ya vita wakauendesha mji kwa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na kanda ya Waafrika, iliyoanzia hapo palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, tunapopaita Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wa wazi. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja. Ubaguzi na maslahi ya viwanja vilikuwa na nguvu zao, siwezi kuutupia mzigo wote kwa mbu, lakini ni lugha ya afya iliyopewa kazi ya kuuhalalisha mpango. Upande wa pili wa Kariakoo liko bonde la Msimbazi, na Jangwani yake inayojaa maji kila masika. Uwanja wa kuzuia mbu uliwekwa kati ya Mwafrika na wengine. Kati ya Mwafrika na bonde hapakuwekwa kitu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mkazi wa Kariakoo wa zama hizo. Watu wenye mamlaka wanataka damu yako. Wanaichukua, wanaondoka nayo, hawakwambii wamekuta nini. Wewe ungesema wanaipeleka wapi?

Bibi yangu alikuwa na jibu, na jibu lake lilikuwa mumiani. Alitusimulia tukiwa wadogo kwamba zamani mtu hakutembea peke yake usiku, maana mumiani wangemkamata, wamkamue damu ikatengenezewe dawa. Hadithi hiyo ilikuwa ya pwani nzima. Nairobi na Kampala walisema ni wazimamoto, watu wa magari mekundu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizi katika kitabu chake cha mwaka 2000, *Speaking with Vampires*, na hoja yake ni kwamba tusizicheke wala tusihangaike kuuliza kama zilitokea. Tuzisome kama watu walivyoielewa serikali ya kikoloni. Kila ninapopita kituo cha Fire, pale kwenye jengo la zimamoto kabla mwendokasi halijateremka kuelekea Jangwani, namkumbuka bibi. Mumiani ni hadithi ya uongo yenye swali la kweli ndani yake: damu yangu mmeipeleka wapi, na mbona sijaambiwa?

Kwa homa nyingine, tone lenyewe lilikuwa bubu. Hadubini ya Koch ilitosha kwa vimelea na kwa bakteria wakubwa kiasi. Mwaka 1905 alirudi, akaonyesha kwamba homa inayokwenda na kurudi kwenye njia za misafara inaletwa na papasi wanaojificha kwenye sakafu za vibanda, na bakteria wake wanaonekana kwenye damu wakijinyonganyonga. Neno papasi lilikuwepo tayari. Wenyeji walikuwa wakiwajua na kuwaogopa. Virusi ni habari nyingine. Ni vidogo mno. Ukipaka damu yenye virusi kwenye kioo, ukaweka na rangi ya Giemsa, hutaviona hata ukikesha.

Ndiyo maana hadi leo hatujui kwa uhakika Zanzibar iliugua nini mwaka 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika habari za homa iliyoenea mji mzima, yenye maumivu makali ya viungo, na wenyeji wakaiita kidinga pepo. Wazee walimwambia iliwahi kuja zamani, miaka ya 1820. Wapo wasomi wanaosema neno "dengue" lenyewe, linalotumika dunia nzima, limetokana na hilo kidinga letu, ingawa wengine wanabisha. Na wapo waliosoma upya maelezo ya Christie wakasema maumivu yale ya viungo yanafanana zaidi na ugonjwa mwingine kabisa, chikungunya. Jina lilibaki mdomoni. Damu haikubaki, kwa hiyo kesi imebaki wazi.

Chikungunya nayo ina kwao, na kwao ni hapa nchini. Mwaka 1952 na 1953 homa ilizuka kwenye uwanda wa Wamakonde, Newala na wilaya jirani. Watu walishindwa kusimama wima kwa maumivu. Wenyewe wakaipa jina kwa Kimakonde, jina linaloeleza jinsi linavyomkunja mtu. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuandika ugonjwa huo mwaka 1955. Damu za wagonjwa zilisafirishwa hadi Entebbe, Uganda, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Huko walikuwa na njia ya kukisaka kisichoonekana: damu ilidungwa kwa panya wachanga, na panya wakiugua, kirusi kikatafutwa ndani yao. R. W. Ross alichapisha taarifa ya kirusi hicho mwaka 1956.

Mimi habari hii hunifurahisha na kunichoma kwa wakati mmoja. Hunifurahisha kwa sababu neno la Kimakonde limeingia kwenye kila kitabu cha tiba duniani. Hunichoma kwa sababu damu ya Newala ilipata jibu Entebbe, jibu likaenda kwenye majarida ya London, na zaidi ya nusu karne baadaye ugonjwa huo ulikuwa haufikiriwi nchini kwake. Hilo silisemi kwa hisia. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi, wakazipima damu zao kwa vipimo vingi. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa na malaria kweli ni 14. Chikungunya ilikuwemo, tena kwa watu kadhaa, wala hakuna daktari hata mmoja aliyekuwa ameiandika kwenye faili kama jambo la kufikiriwa.

Ilichukua ugonjwa wa kutisha zaidi ili mwenye damu aanze kuheshimiwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Huko waliuita Juliana. Mjini kwetu tuliuita ngoma, miwaya, umeme, majina yasiyoisha ya kitu ambacho hakuna aliyetaka kukitaja. Kipimo chake kilipoingia kilileta kanuni ambayo malaria haikuwahi kuwa nayo. Kabla ya kutolewa damu unaketi na mshauri, unaelezwa kinachopimwa, unakubali au unakataa. Baada ya kipimo unaketi tena, unapewa jibu lako peke yako, na maana yake. Vituo vya Angaza, vilivyoanza mwaka 2001, vilifanya jambo hilo kuwa la kawaida. "Nimekwenda Angaza" ikawa sentensi kamili, haihitaji nyongeza.

Tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima virusi vya UKIMWI hadharani, kuzindua kampeni ya kitaifa. Walipimia Mnazi Mmoja. Sijui kama kuna aliyekumbuka siku ile uwanja ule uliachwa wazi kwa sababu gani. Pale ambapo damu ya Mwafrika ilikuwa imechorewa mpaka, mkuu wa nchi alitoa damu yake mbele ya watu, na watu wakajipanga.

Lakini heshima ile haikuhamia kwenye homa za kila siku. Kwa miaka mingi zahanati nyingi hazikupima kabisa. Homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vingine. Vipimo vya haraka vya malaria vilianza kujaribiwa kwenye vituo vya serikali Dar es Salaam mwaka 2007, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila homa inayoshukiwa kuwa malaria ipimwe kabla ya dawa. Dawa za malaria zilizoandikwa zilishuka sana. Antibayotiki zikapanda. Ukifikiri, utaona ni kwa nini. Kipimo kilisema "si malaria", na "si malaria" siyo jina la ugonjwa. Mgonjwa yuko mbele yako, anatetemeka, anataka kitu.

Mwaka 2008 watafiti waliwapima kwa kina watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikuwa kwa mtoto 1 kati ya 10 hivi. Taifodi haikufika asilimia 4. Karibu watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibayotiki haiufanyi chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, mwaka uleule dengue ilipolipuka Dar es Salaam na watu wakashangaa homa gani hii isiyotaka kuwa malaria. Mwaka 2019 ikarudi kwa nguvu, na ilikuwa aina nyingine ya kirusi, kwa hiyo aliyeugua mara ya kwanza hakuwa na kinga kamili. Mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji yaliyotulia, kwenye ndoo, kwenye matairi, kwenye vifuu. Kariakoo ni mji wa mchana. Chandarua cha usiku hakikusaidii ukiwa dukani saa nne asubuhi.

Na ile "taifodi kidogo" ya kwenye simu? Kipimo kinachotumika sana mitaani kina jina la Fernand Widal, Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896, mwaka mmoja kabla Koch hajafika hapa. Hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi yake. Ni tofauti ya kumkamata mwizi na kuona nyayo zake uani. Nyayo zinaweza kuwa za leo, zinaweza kuwa za mwaka juzi, zinaweza kuwa za jamaa yake mwizi. Kumkamata mwenyewe ni kuotesha damu maabara, kazi ya siku kadhaa na vifaa ambavyo zahanati ndogo hazina. Dengue pia iko hivyo: siku za mwanzo kinatafutwa kipande cha kirusi chenyewe, baadaye zinatafutwa nyayo. Ukipima siku isiyofaa kwa kipimo kisichofaa, karatasi itasema huna, na dengue unayo.

Kwa hiyo siwalaumu wapimaji wa Kariakoo, wanaokodoa macho kwenye hadubini tangu asubuhi mpaka jioni. Ninachosema ni kwamba kanuni tuliyoipata kwa UKIMWI, ya kumweleza mtu kinachopimwa na maana ya jibu, haikustahili kuishia kwa ugonjwa mmoja. Maswali ni mawili tu, na hayagharimu kitu: mmepima nini, na mmeona nini? Je, mmemwona mdudu mwenyewe au nyayo zake? Anayeuliza hivyo dirishani hamkosei adabu mtu yeyote. Anauliza alichoulizia bibi yangu kwa lugha ya mumiani.

Masika yakija, Msimbazi utajaa, Jangwani patafungwa, na baada ya wiki chache foleni za maabara zitakuwa ndefu. Homa zitakazokuja zitakuwa na majina mengi. Damu itayajua yote. Iliyobaki ni kuhakikisha mwenye damu naye anaambiwa.